Kirongozi: Habari za Waongoza Njia tangu Misafara ya Nyangwe

Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona ajabu. Katika njia panda ya Boulevard Triomphal alisimamishwa askari mpya wa barabarani. Kimo chake kilikuwa karibu mita mbili na nusu, uzito wake kilo 250. Hakula wala hakunywa, na jua la saa saba halikumwondoa mahali pake. Kifuani na mikononi alikuwa na taa nyekundu na za kijani. Alipoinua mkono magari yakasimama; alipogeuka, wale wa upande wa pili wakapita. Macho yake ni kamera, nazo hupeleka picha mbali, kwenye chumba cha wale wanaotazama hali ya barabara. Tena alikuwa na sauti, akiwaambia wendao kwa miguu kwamba sasa wavuke. Watu walicheka, watu walipiga picha, lakini madereva walisimama.

Aliyemtunga askari huyo ni mwanamke wa nchi yetu, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wenziwe wa chama cha Women's Technology, ambacho kwa kifupi huitwa Wotech. Sisi wa Maniema tuliposikia jina la mama huyo tulitabasamu kidogo. Maana neno hilo wazee wetu walilijua zamani sana, kabla ya gari la kwanza kufika Kindu, hata kabla ya Kindu kuwa mji. Kirongozi, au kirangozi kama wengine walivyotamka, ndiye mtu aliyetangulia mbele ya msafara akionyesha njia. Leo twasema kiongozi, nasi tumelitia neno hilo katika serikali, katika shule na katika kwaya, hata tumesahau kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ya barabarani.

Basi tumeona vema leo tufuate habari za kazi hiyo, tangu mtu mwenye bendera hata mtu wa alumini. Ni habari ya karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Katika karne ya kumi na tisa njia kubwa ya kwetu ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Toka Ujiji watu walivuka ziwa Tanganyika, wakaingia Maniema, wakafika Nyangwe na Kasongo karibu na mto Lualaba. Usidhani ilikuwa barabara. Ilikuwa njia ya miguu, upana wake wa kutosha mtu mmoja na mzigo wake. Lakini juu ya kijia hicho walipita watu mamia, mmoja nyuma ya mwingine, hata msafara ukawa mrefu kama mwendo wa kutoka kijiji hadi kijiji. Jambo lililotokea mbele halikuonekana nyuma. Mtu akianguka katikati, wa mbele hawajui. Njia ikigawanyika, wa nyuma waweza kupotea. Hayo ndiyo mashaka ya wingi wa wasafiri, nayo yalikuwako kabla ya magurudumu.

Mwingereza Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 akafika Ujiji mwaka uliofuata, aliandika kwa urefu jinsi mambo hayo yalivyotengenezwa. Mbele kabisa alikwenda kirongozi na bendera nyekundu, amevaa nguo za kuonekana, na nyuma yake mpiga ngoma. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Na hapa twaomba msomaji asikilize vizuri. Mchukuzi aliyethubutu kumtangulia kirongozi hakupigwa wala hakugombezwa pale pale njiani, maana kusimama kugombana kungezuia msafara mzima. Alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, basi, mwendo ukaendelea. Jioni, kambini, mshale ule ulitolewa mbele ya watu. Kila mtu alijua mishale yake. Mwenye kukosa akajulikana, akatozwa faini.

Je, hiyo si ndiyo kazi ya kamera za siku hizi? Kamera haimsimamishi dereva. Inachukua namba ya gari, yaani inachomoa mshale, halafu inaacha njia iendelee.

Mambo mengine pia yalikuwa na kanuni. Njia ilipogawanyika, wa mbele waliifunga ile isiyo ya kufuatwa, wakaweka tawi au wakakokota mguu mavumbini kuwa alama kwa wa nyuma. Na misafara miwili ilipokutana uso kwa uso, nani apishe? Burton asema kwamba msafara wenye Mwarabu kuwa mkuu wake ulidai haki ya njia. Lakini misafara ya kirafiki ilipokutana, maviongozi wawili walikaribiana kwa mwendo wa kuringa kama wachezaji wa ngoma, wakitazamana kwa pembe ya jicho, kisha ghafula wakainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Wachukuzi nyuma yao wakafanya vile vile. Walioshindwa walitoka njiani huku wakicheka, na washindi wakapita. Sisi hatupendi kuwashauri madereva wetu kanuni hiyo, ingawa twaona wengine wanaifuata bila kushauriwa.

Hatuwezi kuisifu njia ile bila kusema ukweli wake mwingine. Ndiyo iliyotuletea Kiswahili hiki tunachoandika. Lakini ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo na makongwa shingoni. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wenye bunduki waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwapo, aliona kwa macho yake. Msafara uliopangwa barabara waweza kuwa msafara wa dhuluma. Bendera ya mbele haisemi lolote juu ya mzigo wa nyuma. Tulikumbuke hilo tutakapofika kwenye kamera.

Wakati huo huo wenyeji wa mto na wa msitu walikuwa na chombo kingine, tena bora kuliko bendera, maana bendera yahitaji jicho. Ni ile ngoma ya gogo lililochimbwa, yenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Stanley alipotoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 akiwa na Tippu Tip, kisha akateremka Lualaba kwa mitumbwi, ngoma zilimtangulia. Kabla hajafika kwenye pinda la mto, watu wa huko walikwisha kujua kwamba wageni wanakuja. Yeye aliona ngoma hizo kuwa vita tu. Kwa wenyeji zilikuwa habari: mtoni kuna kitu.

Miaka mingi baadaye mmisionari wa Kiprotestanti, John Carrington, aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za Walokele mpaka akazipiga mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba ngoma haina herufi. Hufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno. Na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa sauti, mpigaji hurefusha neno liwe sentensi nzima, ili asikiaye asikosee. Yaani mababu walijua kwamba habari ya njia isiyoeleweka ni hatari kuliko kukosa habari.

Hivyo wasomaji waone, katika eneo letu hili kazi ya kuongoza njia ilikuwa na sehemu tatu tangu zamani: kuona kutoka mbali, kutoa alama inayoeleweka, na hesabu ya jioni kambini. Tutazame sasa jinsi reli ilivyozichukua sehemu hizo.

Mwaka 1902 Baron Édouard Empain wa Ubelgiji alianzisha kampuni ya reli ya Kongo ya juu mpaka Maziwa Makuu, ambayo wazee wetu bado huiita CFL. Kazi yake ilikuwa kuruka maporomoko ya mto. Mahali mto unapopitika, meli. Mahali unapokataa, gari moshi. Reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, ndiyo Kisangani hadi Ubundu ya leo, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Toka Ponthierville meli zilipanda mto hadi kwetu. Na kutoka Kindu reli ya kilometa 355 ilifika Kongolo, ikiruka ile milango ya mawe iitwayo Portes d'Enfer. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1910. Ndiyo sababu mji wetu uliitwa Kindu-Port-Empain. Hatukuwa mji wa barabara. Tulikuwa mji wa kupokezana: mzigo ulishuka melini ukapanda behewani, au ulishuka behewani ukapanda melini. Meli ikichelewa, behewa lasubiri. Gari moshi likichelewa, meli yasubiri. Mji mzima uliishi kwa kungojea kitu kisichoonekana bado, na kwa sababu hiyo habari ya njia ilikuwa mali kama mzigo wenyewe.

Sasa, reli yenye njia moja ina hatari ambayo barabara haina. Magari mawili ya moshi yakikutana uso kwa uso hayawezi kugongana vichwa kwa mchezo na mmoja akatoka njiani. Hayana pa kutokea, wala hayasimami upesi. Katika siku za kwanza za reli huko Uingereza walitenganisha magari kwa saa: hili limeondoka, ngojeni dakika kadhaa, kisha liondoke la pili. Kama la kwanza limeharibika nyuma ya kilima, la pili haliwezi kujua. Mwaka 1842 mtu mmoja, William Fothergill Cooke, alitoa shauri jingine: njia igawanywe vipande, na gari lisiingie katika kipande mpaka stesheni ya mbele ipeleke neno kwa simu ya waya kwamba kipande ni kitupu. Si kuhesabu dakika tena, bali kujua hakika. Walio wengi waliona ni gharama, wakaendelea na saa zao.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari moshi lililojaa watoto na wazazi waliokwenda kutembea baharini na shule yao ya Jumapili lilishindwa kupanda mlima. Wakuu wa gari wakalikata vipande viwili ili wapeleke kwanza nusu. Mabehewa ya nyuma yakateleza, yakashuka mlima, yakaligonga gari lililokuwa likija nyuma, ambalo lilikuwa limengojea dakika zake kama ilivyoamriwa. Wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kulazimisha shauri lile la mwaka 1842 katika reli za abiria. Miaka 47 ilipita kati ya shauri na sheria.

Na katika njia moja nyingi za reli duniani walitumia chombo cha ajabu kwa wepesi wake: fimbo. Kila kipande cha njia kina fimbo yake moja tu. Dereva asiyeishika mkononi haingii. Kwa kuwa fimbo ni moja, magari mawili hayawezi kuwa ndani pamoja. Twafikiri mchukuzi wa Nyangwe angeielewa fimbo hiyo kwa dakika moja.

Basi barabara za magari zilijifunza wapi? Kwa reli. Mtu wa kwanza aliyeweka taa ya kuongoza barabarani alikuwa fundi wa reli, John Peake Knight, mjini London, Desemba 1868, mbele ya nyumba ya Bunge. Magari yenyewe hayakuwako bado. Ni farasi na makokoteni. Knight alisimamisha mlingoti wenye mikono kama ile ya stesheni, na usiku taa ya gesi nyekundu na ya kijani, askari akiigeuza kwa mkono. Haikudumu. Mwezi uliofuata gesi ilivuja, taa ikalipuka, ikamjeruhi askari aliyeishika. Watu wa London wakaachana na jambo hilo miaka mingi.

Wamarekani wakalirudia kwa umeme. Taa za Cleveland ziliwaka tarehe 5 Agosti 1914, nyekundu na kijani, pamoja na kengele. Huko Detroit mwaka 1920 askari William Potts alitia rangi ya tatu ya katikati. Na katika mji ule ule wa Cleveland, Garrett Morgan, mtu mweusi aliyezaliwa na wazazi waliopata kuwa watumwa, alipata hati ya serikali mwaka 1923 kwa chombo chake cha alama tatu: nenda, simama, na ile ya tatu ambayo husimamisha pande zote pamoja ili wendao kwa miguu wavuke. Twaipenda hiyo ya tatu. Ilimkumbuka mtu asiye na gari.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Taa ikaunganishwa na taa. Wakazika nyaya za duara chini ya lami, na gari likipita juu yake umeme wa waya hubadilika, taa ikajua kwamba gari limefika. Mwaka 1963 mji wa Toronto katika Kanada ulikuwa wa kwanza kuendesha taa zake kwa kompyuta. Leo hata simu iliyo mfukoni mwa abiria hutoa habari: simu nyingi zikienda polepole pamoja barabarani, mashine yajua kwamba pale pamefungamana. Ndiyo ngoma ya gogo tena, ila kila msafiri anaipiga bila kujua. Hapo ndipo tunapokumbuka soko la Nyangwe, na kuuliza: anayesikiliza ni nani, na anataka nini na safari zetu?

Turudi Kinshasa kwa yule askari wa alumini. Kwa nini walimtunga mtu, wala hawakuweka taa tu kama miji mingine? Sababu ya kwanza ni umeme. Taa za barabarani hufa umeme ukikatika, na umeme hukatika. Roboti wa Wotech hula jua: ana vibao vya kuchukua nguvu ya jua. Alumini ilichaguliwa ili astahimili joto na mvua za nchi yetu. Sababu ya pili ni tabia zetu wenyewe. Dereva aliyezoea kupuuza taa ndogo juu ya mlingoti hawezi kumpuuza kwa urahisi mtu mkubwa aliyemwinulia mkono. Na ya tatu watu wenyewe waliisema barabarani bila kuficha: roboti haombi kitu. Hatuwasingizii askari wote. Wako wanaosimama mvuani kutwa kwa mshahara mdogo, na bila wao miji yetu ingekwama kabisa. Lakini msomaji yeyote aliyewahi kusimamishwa barabarani na makaratasi yake yote kamili, naye akaondoka na fedha pungufu, anajua kwa nini watu walimpigia makofi askari asiye na mfuko.

Mwaka 2015 Kinshasa ilipata roboti wengine watatu, bora kuliko wa kwanza, na wengine wakatengenezwa kwa ajili ya Katanga. Bei ya mmoja ilitajwa kuwa dola 27,500. Magazeti ya ulimwengu yakaandika, na sisi tukaona fahari, maana si mara nyingi nchi yetu hutajwa kwa kitu ilichobuni.

Hata hivyo twataka kusema tulivyoona. Roboti hufanya vizuri sehemu mbili za kazi: huona, na hutoa alama. Sehemu ya tatu si yake. Picha ya gari lililopita kwenye nyekundu haimtozi mtu faini. Yahitaji namba ya gari iwe ya kweli, iandikwe katika daftari moja na jina la mwenyewe, jina liwe na mahali pa kukaa, na awepo mtu wa kumwita na hakimu wa kumsikiliza. Mshale umechomolewa, je, kambi iko wapi jioni?

Jirani zetu wa Rwanda waliijenga kambi hiyo. Kamera za mwendo zimewekwa kando ya barabara zao, hata madereva wamezipa jina la mwanamke, Sofia. Anayekwenda mbio hupata habari ya faini yake kwa simu. Wengi hunung'unika, lakini wanapunguza mwendo. Kamera yenyewe si ya ajabu kuliko ya Kinshasa. Kinachofanya kazi ni daftari lililo nyuma yake. Kwingine tumeona kinyume. Katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki, Nairobi na Dar es Salaam, mara nyingi askari husimama chini ya taa inayowaka na kuongoza magari kwa mkono kinyume cha taa hiyo. Huenda ana sababu nzuri, maana taa haijui kwamba upande mmoja umejaa hata kilometa mbili. Lakini dereva huwa na maviongozi wawili kwa msafara mmoja, naye hujifunza kutomtii hata mmoja.

Na Kinshasa yenyewe, tarehe 27 Oktoba 2024, serikali ilijaribu dawa nyingine isiyo na mashine: barabara kubwa kadhaa zilifanywa za upande mmoja kwa saa fulani, kisha upande wa pili kwa saa nyingine. Kwenye karatasi lilikuwa shauri zuri. Lakini watu walikwama mbali na makwao, wakatembea kwa miguu masafa marefu, na nauli zikapanda. Kabla ya mwaka kwisha jambo hilo lilisimamishwa. Ukikata njia kwa saa bila kujua ni nani aliye ndani yake, mambo huwa kama yale ya Armagh, ingawa kwa rehema ya Mungu hapa iliyopotea ni saa na fedha.

Msomaji wa Kindu atasema: haya yote yatuhusu nini? Hatuna msongamano wa Kinshasa. Kwetu watu huenda kwa miguu, kwa baiskeli zilizopakiwa mpaka mpandaji haonekani, na kwa pikipiki. Na kati ya Alunguli na ng'ambo ya Kasuku na Mikelenge barabara yetu kubwa ni maji. Ni kweli. Lakini pikipiki zimekuwa nyingi, na kila mwaka ni nyingi kuliko mwaka uliopita. Simama Jumapili Misa inapokwisha, au saa sita na nusu watoto wanapotoka shuleni, utazame jinsi wanavyovuka. Wakubwa hunyoosha mkono na kukimbia. Wadogo hushikana mikono watatu, wanne, mmoja anataka kwenda, mwingine anarudi nyuma, na pikipiki yenye abiria wawili na gunia inapita katikati yao kama sindano. Dereva ni kijana anayetafuta chakula cha nyumbani kwake. Akipunguza mwendo, mwenzake anamchukulia abiria. Hana ubaya moyoni. Hana tu kirongozi.

Hatudhani dawa ya kwanza ni roboti wa dola 27,500. Hata wahandisi wa nchi tajiri, kabla ya kuweka taa, huanza kwa kazi ya penseli: mtu hukaa njia panda na daftari, akahesabu kila saa ni pikipiki ngapi, ni baiskeli ngapi, ni watu wangapi wa miguu, na wapi walikaribia kugongana. Siku saba za kuhesabu namna hiyo zaweza kuonyesha kwamba hatari yote iko katika saa mbili tu za siku, mahali pawili tu. Vijana wetu wa shule waweza kuifanya kazi hiyo. Kisha atafutwe mtu wa kusimama pale saa zile mbili na bendera, nyekundu ikipatikana, na chama cha wenye pikipiki kikubali kwamba anayempita huyo wa bendera jina lake litasomwa jioni mbele ya wenziwe. Baadaye, mji ukikua na daftari likiwa tayari, kamera itapata mahali pa kupeleka picha zake.

Alama moja ya zamani tunayo bado. Gari likiharibika katika barabara ya Kalima au ya Kasongo, utingo hushuka, hukata matawi mabichi, huyapanga njiani nyuma ya gari hatua kadhaa, na kila ajaye huelewa bila kuelezwa. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Ila gari likipona huondoka upesi, na matawi huachwa. Mwenye pikipiki ajaye usiku huyakuta yamelala pale pale katikati ya njia, yamekauka, na gari halipo.